Je, simba na pundamilia wangefika Madagaska wakielea baharini?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka minane, na filamu ya katuni ya Madagascar ameshaiangalia mpaka maneno yake anayajua kwa moyo. Juzi kafungua atlasi ya shule, akaona kisiwa chenyewe kiko jirani na Msumbiji. Sasa hanipi usingizi: kama ni karibu hivyo, mbona huko hakuna simba, twiga, pundamilia wala kiboko? Wangetumbukia baharini kweli kama kwenye filamu, wangefika? Na yule mfalme wa lemuri na wale fosa wanaotisha, wapo? Baba yake kamwambia yote ni uongo wa katuni. Mimi naona mtoto anastahili jibu. Nimwambie nini? (Mama wa Morogoro)

Jibu: Marahaba, mama. Mwambie kwamba jambo linaloonekana la kipuuzi kuliko yote katika filamu ile, yaani wanyama kuelea baharini na kutupwa ufukweni mwa Madagaska, ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Mengine mengi baba yake kapatia. Hilo hapana. Karibu wanyama wote wanyonyeshao wa asili wa kisiwa kile ni wajukuu wa abiria waliofika kwa ajali ya aina hiyo hiyo.

Nikumbushe kisa kwa ambaye hajakiona. Filamu ilitoka mwaka 2005, imetengenezwa na DreamWorks chini ya waongozaji Eric Darnell na Tom McGrath. Alex ni simba, Marty pundamilia, Melman twiga na Gloria kiboko. Wote wanaishi katika bustani ya wanyama ya Central Park, New York. Marty anatimiza miaka kumi, anachoka na maisha ya kulishwa, anatoroka akautafute mwitu, na wenzake wanamfuata kumrudisha. Wanakamatwa, wanafungiwa kwenye masanduku ya mbao na kupakiwa melini wapelekwe hifadhini Kenya. Njiani pengwini wanaiteka meli wakitaka kwenda Antaktika, meli inageuzwa ghafla, masanduku yanaporomoka baharini na kusukumwa hadi Madagaska.

Sasa turudi kwenye atlasi ya mwanao. Kweli kisiwa kinaonekana kama kimemeguka ubavuni mwa Msumbiji, na kweli kilimeguka. Zamani Afrika, India, Amerika Kusini, Australia, Antaktika na Madagaska zilikuwa bara moja. Madagaska ilianza kuachana na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita, ikaenda ikiwa imeshikana na India, kisha miaka milioni 88 hivi iliyopita India nayo ikajitenga na kuelekea kaskazini. Kisiwa kikabaki peke yake. Enzi hizo dinosaria walikuwa bado wanatembea duniani. Simba hawakuwapo, pundamilia hawakuwapo, twiga hawakuwapo. Kwa hiyo hakuna aliyewaacha nyuma. Walipotokea wao huku Afrika, kivuko kilikuwa kimeondoka zamani sana.

Na karibu ya kwenye ramani isimdanganye. Mlango wa bahari wa Msumbiji, pale ulipo mwembamba, una kilomita 400 na ushee. Akitaka kuuona umbali huo kwa macho ya kwetu, afikirie kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, yote maji ya chumvi, na kilindi chake kimezidi sana urefu wa mlima wowote wa Uluguru mnaouona kutoka hapo mjini.

Hapo ndipo linapokuja fumbo lililowasumbua wataalamu tangu karne ya 19. Kama kisiwa kilishaondoka kabla lemuri, hao binamu wa komba wetu, hawajatokea, walifikaje? Ukiacha popo, ambao huruka, na wale walioletwa na watu kama ng'ombe, mbuzi na panya wa melini, kisiwa kina makundi manne tu ya wanyama wanyonyeshao wa nchi kavu walio hai leo: lemuri, tenreki (vinyama vidogo, wengine wana miiba kama kalunguyeye), panya wa asili wa kisiwani, na wala nyama wa ukoo wa fosa (mnyama anayefanana na paka mrefu, nitamrudia). Manne tu, katika kisiwa chenye eneo la kilomita za mraba 587,000 hivi, zaidi ya nusu ya Tanzania nzima. Tena vinasaba vinaonyesha kwamba kila kundi kwa jumla lina chimbuko moja, na kila moja lilifika kwa wakati wake. Lemuri walitangulia, miaka milioni 50 hadi 60 iliyopita. Mababu wa fosa wamefika juzijuzi tu kwa hesabu ya miamba, miaka milioni 20 hivi iliyopita.

Jibu ambalo wengi wetu tunaliamini ni chelezo. Chukua mto mkubwa wa pwani ya Afrika wakati wa masika. Ukingo unamomonyoka, kipande cha msitu kinakatika kizima, miti na mizizi yake na udongo wake, kinateremka hadi baharini. Ndani ya shina lenye tundu amelala mnyama mdogo. Haanguki, hazami, wala pengine hajui kilichotokea. Shina ndilo sanduku lake. Na hapa kuna jambo moja la kupendeza mno. Mwaka 2004 mtafiti Kathrin Dausmann na wenzake walionyesha kwamba lemuri kibete mwenye mkia wa mafuta, ambaye yupo Madagaska hadi leo, hulala ndani ya tundu la mti hadi miezi saba bila kuamka kula, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mkiani. Tenreki nao wana usingizi wa namna hiyo. Wataalamu wengi wanadhani mababu wao walikuwa na uwezo huo huo walipovuka. Mnyama mwenye uzito mdogo, asiyehitaji maji wala chakula kwa majuma kadhaa, huyo ndiye abiria anayeweza kufika hai.

Mwanao akiuliza nani amewahi kuona jambo hilo, mpe kisa cha Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibiani. Mwaka 1995, majuma machache baada ya vimbunga viwili kupita, wavuvi wa huko waliona rundo kubwa la magogo na miti iliyong'olewa limetua ufukweni, na juu yake kuna iguana wa kijani, mijusi wakubwa ambao kisiwani hapo hawakuwapo kabla. Walihesabiwa angalau 15. Wanasayansi waliwafuatilia, na baadaye wakakuta wameanza kuzaana. Hiyo ni safari moja katika maisha ya watu walio hai leo. Ukipewa miaka milioni kumi, nafasi za jambo kama hilo kutokea zinakuwa nyingi.

Kulikuwa na pingamizi moja kubwa. Ukitupa gogo leo kwenye mlango wa Msumbiji, mkondo wa bahari hauliendeshi kwa urahisi kuelekea Madagaska. Kwa sehemu kubwa unalivuta upande wa Afrika na kusini. Pingamizi hilo lilipata jibu mwaka 2010, pale Jason Ali wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na Matthew Huber wa Purdue, Marekani, walipochapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walitumia programu ya kompyuta kuijenga upya bahari ya zamani hizo, wakati Afrika na Madagaska zote zilikuwa kusini zaidi ya zilipo leo, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500. Pale zilipokuwa, mkondo ulielekea mashariki, na kuna nyakati uliweza kuwa na nguvu ya kukifikisha chelezo upande wa pili kwa mwezi mmoja hivi. Baadaye mabara yakasogea kaskazini, mkondo ukageuka, njia ikafungwa. Ndiyo sababu wanyama waliotokea Afrika baadaye karibu wote hawakupata tena usafiri.

Wapo wenzetu wasiokubali. Wanasema chini ya ule mlango kuna tuta la miamba, na kwamba vipande vyake viliwahi kujitokeza juu ya maji, wanyama wakapita kwa miguu. Nimesoma hoja zao na naziheshimu, lakini kuna kitu hazinitoshelezi: kama kulikuwa na njia ya miguu, mbona karibu wote waliopita ni wadogo? Tembo wako wapi? Swala wako wapi? Nyani je? Njia ya miguu haichagui hivyo. Chelezo ndicho kinachochagua.

Mfano wa njia ya miguu tunao hapa kwetu, na mwanao ataupenda kwa sababu ndani yake yumo pundamilia. Unguja imetengwa na bara na maji ya kina kifupi, mita 30 au 40 tu sehemu nyingi. Zama za barafu, maji mengi ya dunia yalipoganda kwenye ncha, bahari ilishuka na Unguja ikawa sehemu ya bara. Bahari ikapanda tena, na miaka 10,000 hivi iliyopita ikawa kisiwa. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, waakiolojia wamechimbua mifupa ya pundamilia na nyati. Walitembea wakafika, kisha bahari ikawafungia na mwisho wakaisha. Chui wa Unguja naye alikuwa mabaki ya enzi hiyo. Sasa tazama Pemba, iliyo jirani tu. Mkondo kati yake na bara una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata barafu ilipozidi, na Pemba haikuwa na chui. Ilicho nacho Pemba ni popo mkubwa mla matunda ambaye jamaa zake wako Madagaska, Komoro na huko Asia, wala hawako bara. Popo kafuata visiwa kwa mbawa. Mwekee mwanao Unguja, Pemba na Madagaska kwenye ukurasa mmoja wa atlasi, atalielewa somo lote bila kuchoka.

Basi tuwapandishe marafiki wetu wanne kwenye chelezo. Simba dume ana uzito wa kilo 190 hivi. Anahitaji nyama na maji, na jua la baharini litammaliza kabla ya majuma mawili. Pundamilia lazima anywe maji mara kwa mara, kwa hiyo ndiye angeondoka mapema. Twiga huweza kukaa siku nyingi bila kunywa ilimradi apate majani, lakini sijui ni gogo gani litakalombeba mnyama mwenye urefu wa mita tano na upepo unampiga. Na hata afike mmoja, mmoja hazai. Anatakiwa jike mwenye mimba, au jozi.

Kiboko sasa ndiye wa ajabu. Gloria angefika, kwa sababu ndugu zake walifika. Madagaska iliwahi kuwa na viboko, wafupi na wadogo kuliko hawa wa Rufiji, na mifupa yao imepatikana sehemu nyingi za kisiwa. Inaonekana walivuka zamani za karibu zaidi kuliko lemuri, na kwa jinsi walivyovuka bado tunabishana, maana kiboko si mwogeleaji hodari, hupenda kutembea chini kwenye sakafu ya maji. Lakini ana tabia ya kufika visiwani. Kupro na Krete nazo zilikuwa na viboko vibete. Na kisiwa chetu cha Mafia kina viboko hadi leo, ambao husemekana walisukumwa na maji ya mafuriko kutoka delta ya Rufiji. Wale wa Madagaska walitoweka miaka 1,000 hivi iliyopita, baada ya watu kuingia kisiwani na kuanza kuwinda, kufuga na kuchoma nyika. Pamoja nao walikwenda ndege wasioruka wenye kimo cha mita tatu, ambao yai lao moja lilijaa kuliko mayai mia ya kuku, na lemuri mmoja mkubwa kama gorila. Miaka ya 1990, mtafiti David Burney na mwenzake Ramilisonina waliwahoji wazee wa kijiji cha wavuvi cha Belo-sur-Mer, magharibi mwa kisiwa. Walielezwa habari za mnyama mkubwa kama ng'ombe, hana pembe, anaguna, na ukimshtua anakimbilia majini. Mimi siamini kwamba yupo hai. Ila naamini kabisa kwamba masimulizi yanaweza kumhifadhi mnyama muda mrefu baada ya mifupa yake kufukiwa.

Kuhusu fosa, wapo, na watengenezaji wa filamu walistahili pongezi kwa kumtoa mnyama ambaye watu wengi nje ya Madagaska hawakuwahi hata kumsikia. Ila wamemkosea kidogo. Kwenye filamu wanakuja kundi zima wakipiga kelele. Fosa halisi hupenda kutembea peke yake, ingawa madume wameonekana wakisaidiana kuwinda. Anafanana na paka mrefu mwenye pua ya mbwa, lakini jamaa zake wa karibu ni nguchiro. Mwili una sentimita 70 au 80, na mkia karibu urefu huo huo, kwa ajili ya kujisawazisha juu ya matawi. Kifundo cha mguu wake kinageuka kiasi kwamba anashuka mti kichwa chini. Uzito wake mara nyingi hauzidi kilo kumi. Kwa hiyo ile sehemu Alex anapounguruma na fosa wanatimka ni sahihi kabisa, wangetimka. Lakini kwa lemuri, fosa si mzaha. Ndiye mla nyama mkubwa kuliko wote kisiwani, na sehemu nyingi lemuri ndio chakula chake kikuu.

Mfalme ndiye uongo mkubwa, na hapa ukiwa na binti nyumbani mwite naye asikilize. Yule Julien ni lemuri mwenye mkia wa pete, anayeishi kusini na kusini-magharibi mwa kisiwa. Kwa lemuri hao, jike ndiye mkubwa. Alison Jolly, mtafiti wa Marekani aliyeanza kuwafuatilia Berenty, kusini mwa Madagaska, mwaka 1963, aliliandika jambo hilo mwaka 1966 na wengi hawakulipokea kwa urahisi. Hata jike wa daraja la chini huweza kumpokonya dume tunda mkononi, na dume anaachia. Madume wakigombana wanasugua mkia kwenye tezi za mikononi zenye harufu kali, kisha wanasimama wakitazamana na kutikisiana mikia hiyo usoni mpaka mmoja ashindwe na kuondoka. Asubuhi kundi zima huketi likielekea jua, matumbo wazi, mikono imekunjuliwa, kama waliomaliza chai. Hicho wachoraji wangekiweka kwenye filamu bila kubadilisha kitu, na watoto wangecheka vile vile. Kuhusu dansi, anayecheza hasa si mkia-pete bali sifaka, lemuri mweupe mwenye miguu mirefu. Akishuka chini hawezi kutembea kwa minne vizuri, hivyo huruka kiubavuubavu kwa miguu miwili huku mikono iko juu.

Usimfiche jambo zito pia, maana kwa miaka minane anaweza kulibeba. Mwaka 2020 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, ulitangaza kwamba kati ya aina 107 za lemuri waliobaki, 103 wako hatarini, na 33 kati ya hizo wako ukingoni kabisa mwa kutoweka. Misitu inakatwa kwa mashamba na mkaa, na lemuri wenyewe wanawindwa. Abiria waliovuka bahari kwa shina la mti hawana mti mwingine wa kuhamia.

Kisha kuna lile la urafiki wa Alex na Marty, ambalo hukuliuliza lakini watoto wote huniuliza. Alex akikosa minofu aliyozoea kuletewa, anaanza kumwona rafiki yake kama chakula, hadi anamng'ata. Hapo filamu haikukosea. Simba wa kulelewa bado ni simba. Mwisho pengwini wanamlisha samaki, na hilo nalo linawezekana kwa muda, kwani simba hula anachokipata: kwenye pwani ya jangwa la Namibia watafiti wamewaona wakiwinda sili na ndege wa majini.

Ninyi mnaoishi Morogoro mmebahatika. Mkiingia Mikumi, siku moja tu inatosha kuwaona wote wanne mahali wanapostahili kuwa: twiga na pundamilia kwenye mbuga ya Mkata, viboko kwenye bwawa lao karibu na lango, na simba kama mkiwahi asubuhi. Lemuri hamtamwona, lakini binamu yake wa karibu mnaye jirani. Ni komba. Ana asili moja na lemuri, na alama za ukoo ziko mwilini: pua yenye unyevu kama ya mbwa, meno ya chini ya mbele yaliyobanana kama kitana kwa ajili ya kuchana manyoya, na ukucha mmoja mrefu kwenye kidole cha pili cha mguu wa kujikunia. Uluguru wako hata komba wadogo wa milimani ambao sayansi iliwatambua kwanza kutoka milima hiyo. Baada ya saa mbili usiku, nendeni wote watatu, baba yake akiwemo, mahali penye miembe au ukingo wa msitu. Mwanao aishike tochi usawa wa macho yake, si kiunoni, aipitishe taratibu kwenye matawi. Akiona vinukta viwili vyekundu vya rangi ya kaa la moto vinaruka kutoka tawi hadi tawi, ndiye. Aitulize tochi, asimmulike machoni kwa muda mrefu, kisha akalinganishe na picha ya lemuri kibete kwenye kitabu au simu.